Dari ya chini ya roshani ya mbao: namna ya kuichagua kwa nyumba ya Dodoma

Viwanja vya mteremko vya upande wa Itega na Mlimwa vimezoesha watu kujenga roshani ya mbao mbele ya nyumba, imebebwa na nguzo, na chini yake inabaki nafasi nzuri: ya gari, ya meza ya chakula, ya kamba za kuanikia nguo. Nafasi hiyo ni kavu mpaka mvua ya kwanza ya Desemba. Siku hiyo maji hupenya kila upenyo kati ya mbao na mbao, tena hayaji peke yake. Yanakuja na vumbi lote lililolala huko juu tangu Mei, na kinachodondoka mezani ni tope jekundu.

Hapo ndipo mwenye nyumba anapomwita fundi, na fundi anajibu haraka: "Mama, hapa tunapiga jipsamu, inapendeza." Usikubali kabla hujasoma mwongozo huu. Dari ya chini ya roshani haifanani na dari ya sebuleni. Ya sebuleni ina paa juu yake. Hii yenyewe ndiyo paa, ila imefichwa chini ya sakafu inayovuja kwa makusudi.

Vitabu na video nyingi za kazi hii zinatoka Marekani na Ulaya, ambako mvua na theluji ndizo adui mkubwa. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha dari yako kiwe hiki: je, inafunguka na kusafishika? Dari isiyovuja hata tone, lakini haifunguki, hapa itajaa tope baada ya misimu michache tu.

Hatua ya 1: Amua chini patatumika kwa nini

Kama ni maegesho ya gari tu, huenda huhitaji dari kabisa. Gari halidhuriki kwa kudondokewa na maji, na roshani iliyo wazi chini hukauka haraka na kudumu zaidi. Okoa fedha yako.

Kama ni sehemu ya kukaa wageni, kulia chakula au kuweka mashine ya kufulia, dari inahitajika, na iwe ya kuzuia maji kwelikweli.

Kama ni mahali pa jiko la mkaa au pa kuchomea nyama, fikiria tena. Siling ya plastiki ya PVC hulainika kwa joto na kupinda, na ikishika moto hutoa moshi mkali unaokaba koo. Mbao nazo hazitaki cheche. Juu ya jiko weka bati pekee, au hamisha jiko litoke nje ya kivuli cha roshani. Mimi ningehamisha jiko.

Ukishaanza kufikiria kuta na mlango, umetoka kwenye dari, unajenga chumba. Pita kwanza ofisi za Jiji uulize kuhusu kibali.

Hatua ya 2: Kagua roshani kabla ya kuifunika

Dari huficha. Kila ubovu utakaoufunika leo utaendelea kuoza bila mtu kuuona, kwa hiyo panda ngazi mchana, ukiwa na bisibisi na tochi.

Anza ukutani, pale ubao unaobeba roshani ulipofungwa kwenye nyumba. Hapo ndipo maji hupenda kujificha. Juu ya ubao huo panatakiwa bati lililokunjwa, upande mmoja umeingia ndani ya plasta ya ukuta na mwingine umefunika ubao, ili maji yanayotiririka ukutani yasiingie nyuma yake. Roshani nyingi hazina bati hili. Kama yako haina, liwekwe sasa, maana baada ya dari kufungwa kazi hiyo inakuwa ya kubomoa.

Halafu choma boriti kwa ncha ya bisibisi, hasa mwishoni na kwenye maungio. Mbao nzima hukataa. Iliyooza hupokea ncha kama ugali. Tazama pia njia za mchwa: vile vijifereji vya udongo vinavyopanda kwenye nguzo au kando ya ukuta. Usivikwangue tu ukaridhika. Fuata vinakoanzia, upige dawa ardhini, ndipo uendelee. Mchwa wa huku hawana haraka lakini hawachoki, na dari iliyofungwa kila upande huwapa giza wanalolitaka.

Nyuki pia. Kanda hii ya kati ni ya nyuki, na uwazi wa sentimita 15 kati ya dari na sakafu ya mbao, ukiwa na tundu la kidole upande mmoja, ni mzinga usio na gharama. Matundu ya kupitisha hewa lazima yawepo, lakini yawekewe wavu wa waya wenye macho madogo. Wavu huohuo utawazuia popo.

Hatua ya 3: Pima kimo na mteremko

Dari hii haiwi sawa kama maji mtungini. Lazima iiname, itoke ukutani kushuka kuelekea mbele, mbali na msingi wa nyumba. Mifumo ya kiwandani ya nje huruhusu mwinamo mdogo, hata sentimita 1 kwa kila mita. Maji safi yatatembea kwenye mwinamo huo. Tope halitembei. Kwa Dodoma chukua sentimita 2 kwa mita kuwa kiwango cha chini, na kama kimo kinaruhusu, nenda 3.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Tuseme roshani inatoka mita 3 kutoka ukutani. Kwa mwinamo wa sentimita 3, mbele dari itakuwa chini kwa sentimita 9 kuliko nyuma. Ongeza unene wa papi (mbao nyembamba za kufungia dari), sentimita 5, na kina cha gata, yaani mfereji wa kupokea maji ukingoni, sentimita 10 hivi. Umepoteza sentimita 24 upande wa mbele. Ikiwa chini ya boriti una mita 2.5, gata litakuwa kwenye mita 2.26, na mtu mrefu anapita bila kuinama. Ikiwa una mita 2.2 tu, gata litashuka hadi mita 1.96, na hapo wageni wataanza kugonga vichwa. Punguza mwinamo hadi sentimita 2, au geuza uelekeo: dari iiname kwenda ubavuni, ambako hakuna mtu anayepita.

Hatua ya 4: Juu ya boriti au chini yake?

Kuna njia mbili, na nyingi za tofauti nyingine ni urembo.

Njia ya kwanza ni kuzuia maji juu ya boriti. Kabla mbao za kukanyagia hazijapigiliwa, unatandika karatasi ngumu ya mpira au ya PVC juu ya boriti, ukiiacha ilegee katikati ya boriti na boriti ili itengeneze mfereji unaoshuka kuelekea mbele. Marekani mifumo hii huuzwa ikiwa imekamilika, kama ule wa Trex RainEscape. Faida yake ni kubwa: boriti zenyewe hazilowi, na chini unaweza kupiga dari ya aina yoyote, hata ya mbao za kuchomekana. Ubaya wake kwetu ni vumbi. Linapenya kati ya mbao, linakaa mferejini, na kulifikia ni mpaka ufungue sakafu. Ukichagua njia hii, mbao za kukanyagia zifungwe kwa skrubu badala ya misumari, na ubao mmoja juu ya kila mdomo wa mfereji uwe rahisi kutoa. Usikubali nailoni nyeusi ya msingi itumike badala ya karatasi yenyewe. Jua linaloingia kwenye nyufa huikausha na kuipasua.

Njia ya pili ni kuning'iniza dari chini ya boriti. Maji yanapita kati ya boriti, yanaangukia dari, yanashuka hadi kwenye gata. Boriti zitaendelea kulowa, kwa hiyo lazima ziwe za mbao zilizotiwa dawa na pawepo hewa ya kuzikausha. Lakini dari hii inafungwa hata kama roshani imeshakamilika, na ikijaa tope unashusha kipande kimoja, unapiga maji, unarudisha.

Kama roshani yako bado haijapigiwa mbao, na una fedha, njia ya kwanza ni ya kuifikiria. Wengine wote, na ndio wengi, chukueni ya pili.

Hatua ya 5: Chagua malighafi

Jipsamu: hapana. Hunyonya maji, huvimba, hutoa madoa ya kahawia, kisha huanguka. Inayouzwa kuwa ya kustahimili unyevu ni ya bafuni, haikutengenezwa kwa kumiminiwa maji. Siling bodi za kawaida nazo zinaingia kapu hilohilo.

Siling ya PVC: wengi wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, inaoshwa kwa kitambaa na mchwa hawaitaki. Ila vipande vyake huchomekana bila kuzibana maji. Ukiitegemea peke yake, maji yatapita kwenye maungio na mengine yatabaki ndani ya vile vyumba vyake vidogo. Itumie kwa urembo tu, chini ya njia ya kwanza au chini ya bati.

Bodi ya saruji haiharibiwi na maji, lakini ni nzito na maungio yake huvuja. Nikishaitaja, neno moja la tahadhari: usinunue bodi kuukuu zilizobomolewa kwenye majengo ya zamani kwa kuwa ni rahisi. Baadhi zina asbesto, na vumbi lake likikatwa ni hatari kwa mapafu.

Mbao za kuchomekana, za paini au za mninga, ndizo nzuri kuliko zote kwa macho. Zinahitaji kitu cha kuzuia maji juu yake, vanishi ya nje, na nafasi kidogo ya kutanuka, kwa kuwa mbao iliyokauka kwa kiangazi cha Dodoma itavimba Januari. Ukizibana sana, zitajikunja.

Vipande vya alumini vya kubana, kama vile unavyoviona chini ya paa za vituo vya mafuta, vinafaa sana. Havipati kutu, vinafunguka kwa mkono. Gharama ndiyo inayokatisha tamaa. Hakikisha tu ni aina yenye kingo zinazopokea maji, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa urembo.

Bati. Mimi kwa nyumba nyingi za hapa ningeishia hapa. Linapatikana kila mahali, fundi yeyote analijua, hukatwa kwa urefu unaotaka hivyo hakuna kiungo katikati, na mabonde yake ni mifereji tayari. Msauzi au mgongo mpana, yaani bati lenye mikunjo mipana, ni bora kuliko mgongo mdogo, kwa kuwa bonde pana halizibi upesi. Chukua geji 28. Geji 30 na 32 ni nyembamba zaidi na hupiga kelele upepo wa Agosti ukivuma. Bati la rangi kwa kawaida limepakwa vizuri upande mmoja. Upande huo utazame chini, ndio mtakaokuwa mnauona mkiwa mmekaa. Rangi ya krimu au nyeupe hufanya pasiwe giza.

Kelele za mvua juu ya bati? Matone yanavunjwa kwanza na mbao za sakafu, kwa hiyo ni kidogo kuliko paa la kawaida.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Mbao zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba, na shaba ikilowa na kugusana na alumini, au na bati lenye mipako ya zinki na alumini, huila polepole. Weka ukanda wa karatasi ya lami kati ya mbao na bati kila zinapogusana. Ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 6: Maji yaende wapi

Roshani ya mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18. Mvua ya milimita 20 ya alasiri moja inaleta lita 360. Kwa msimu wa milimita 550 ni karibu lita 10,000. Kwa mji ambao maji ya bomba huja kwa zamu, hilo si jambo la kumwaga barabarani.

Ila jua ni maji ya aina gani. Yamepita kwenye viatu, vumbi, na pengine mbao zenye dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Usiyanywe, usipikie, wala usimwagilie mchicha. Yanafaa kumwagilia maua na miti ya kivuli, kuchanganyia zege, kuosha kibaraza.

Gata liwe pana, na bomba la kushusha liwe la inchi 3. La inchi 2 litazibwa na mvua ya kwanza. Kabla ya tanki weka ndoo au shimo dogo la kutulizia tope, na mdomo wa bomba uwe mbali na msingi kwa mita moja au zaidi.

Hatua ya 7: Kufunga

Ukaangalie kazi hii mwenyewe, ukiwa umebeba futi ya kupimia. Mafundi wengi wamezoea blandaring (fremu ya mbao) ya dari ya ndani, ambayo inatakiwa iwe sawa, na mikono yao itavuta kuelekea usawa.

Usawa wa mwanzo uchukuliwe kwa bomba la plastiki linaloonyesha, lililojazwa maji. Fundi mmoja ashike ncha ukutani, mwingine nguzo ya mbele. Maji yakitulia pande zote mbili, piga alama. Kisha kwenye nguzo shuka kutoka alama kwa mwinamo uliouchagua, sentimita 9 kwa mfano wetu, na vuta uzi kutoka ukutani hadi hapo. Huo uzi ndio dari yako. Usiamini boriti kuwa zimenyooka, wala usiamini kwamba roshani yenyewe haina mwinamo wake.

Papi za inchi mbili kwa mbili zipigwe kukatisha boriti, zikienda sambamba na ukuta wa nyumba, moja kila sentimita 60 hadi 75. Ya kwanza inabana boriti. Zinazofuata zinateremshwa kwa vipande vya mbao hadi ziguse uzi. Zifungwe kwa skrubu ndefu, si misumari, kwa sababu uzito wote unavuta chini.

Sasa bati. Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua, kwa mazoea ya paa. Kwenye dari hii bati liko chini ya papi, na mgongo wake ndio unaogusa papi. Skrubu yenye raba ipigwe kutoka chini kupitia mgongo huo huo. Ukipiga kwenye bonde umetoboa mfereji wenyewe, na hata raba nzuri itachoka. Pembeni bati lipande bati jingine kwa mgongo mmoja mzima. Mbele litokeze sentimita 5 ndani ya gata. Nyuma lisiguse ukuta. Acha upenyo wa sentimita 2 au 3 wenye wavu kwa ajili ya hewa, chini ya lile bati lililokunjwa tulilolitaja.

Mwambie fundi asiweke silikoni kwenye maungio ya pembeni. Silikoni ikishakauka bati halishuki tena bila kukunjwa, na wewe unataka lishuke. Kingo zilizokatwa kwa mkasi zipakwe rangi siku hiyohiyo.

Taa zifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nyaya zipite kwenye paipu chini ya dari au kando ya boriti, kamwe zisilale juu ya bati ambako maji yanapita. Taa ziwe za nje, zenye alama ya IP65 kwenye boksi, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa. Feni ya dari ifungwe kwenye boriti na si kwenye papi.

Hatua ya 8: Ijaribu kabla ya kulipa

Mkiandikishana na fundi, sema mapema kwamba sehemu ya mwisho ya ujira italipwa baada ya jaribio. Siku ya jaribio, mtu mmoja apande juu na mpira wa maji, au ndoo kadhaa kama ni zamu ya kukosa maji, amwage kuanzia ukutani kuja mbele. Kwanza maji matupu. Kisha nyunyiza koleo moja la vumbi la barabarani, umwage tena. Jaribio la pili ndilo la kweli. Ukisimama chini, sikiliza na utazame gata: tope lisogee hadi bombani. Likituama katikati, papi ya hapo imepinda, iteremshwe.

Kila mwaka

Mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mawingu, fagia roshani, toa majani kwenye gata, shusha bati moja la pembeni na upige tochi ndani. Unatafuta njia za mchwa, viota, na mbao zilizobadilika rangi. Piga maji. Aprili mvua zikiisha, rudia gata pekee, ili tope lisikauke humo na kuwa tofali.

Unaponunua, chukua bati moja la ziada na pakiti nusu ya skrubu za rangi ileile, ziweke stoo. Ukirudi dukani mwaka wa tatu kutafuta kipande kimoja, huenda rangi hiyo haipo tena.